Kilichomlisha mwanafunzi Tabora: Uyoga, michembe na karanga za Ntalikwa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Mbagala, Dar es Salaam, akiulizwa ni chakula gani kilimkaa rohoni tangu aende kusoma Tabora, hataji chipsi kuku za mjini wala pilau ya sherehe ya kuwakaribisha wageni chuoni. Anaanza na uyoga wa porini, uliochemshwa kisha ukaungwa kwa karanga zilizotwangwa, ukaliwa kwa ugali wa mtama jikoni kwa bibi wa rafiki yake huko Ntalikwa, mvua ikipiga bati hadi watu wanaongea kwa kupaza sauti.

Baada ya uyoga hufuata dagaa, kisha michembe, kisha asali. Kipo kitu kingine alichokila sana mwaka ule ambacho hakitaji mbele ya mama yake. Kitatajwa hapa chini, maana wazazi wenye mabinti vyuoni wanahitaji kukijua.

Ntalikwa ni moja ya kata za Manispaa ya Tabora. Neno manispaa lisimdanganye msomaji akadhani ni mtaa wa maghorofa. Ni upande ambako mji unaisha na mashamba yanaanza: mahindi, karanga, viazi vitamu, mpunga kwenye mbuga zinazotuama maji, na miembe mikubwa ambayo hakuna aliye hai anayekumbuka ilivyokuwa midogo. Zaidi ya hapo ni miombo, msitu ambao mtu wa pwani akiuona mwezi Septemba, miti imepukutika na nyasi zimeungua, huuliza watu wa huku wanakula nini.

Jibu la swali hilo lina historia ndefu. Tabora ilikua kwa sababu ya wasafiri wenye njaa. Karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, katika nchi iliyoitwa Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha nguo, shanga na waya. Katika njia hiyo hiyo waliburutwa watumwa. Msafara wa mamia ya watu hauwezi kubeba chakula cha safari nzima, hivyo nguo na shanga zile ndizo zilizonunua mtama na kunde vijijini, siku baada ya siku. Chumvi ilitoka Uvinza, magharibi zaidi. Waarabu waliojenga hapa walilima mpunga, ngano na vitunguu, na miembe mikongwe ya Tabora inahusishwa na wao. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakapumzika na kujaza upya mizigo, kama kila aliyewatangulia.

Mwanafunzi wa leo anayeshuka stesheni ya Tabora na begi lake na ndoo ya vyombo si tofauti sana na hao. Naye yuko mbali na jiko la kwao, ana fedha kidogo mkononi, na hajui wenyeji wanakula nini.

Kuku wa Saranda na chipsi za jioni

Safari yake ilianza vizuri. Alipanda treni ya zamani ya reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sababu mjomba wake alisisitiza kwamba mtoto aende akiiona nchi. Ilipofika Saranda, mkoani Singida, abiria wakajaa madirishani, na akina mama wakapita chini na sinia za kuku. Kuku wa Saranda wana sifa reli nzima. Alinunua paja moja na ugali wa baridi, akala kwa mikono miwili, na hadi leo anasema hajapata kuku wa namna ile. Inawezekana ni kuku wa kawaida tu, na utamu uliongezwa na njaa ya safari.

Chuoni mambo yakabadilika. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha ya chakula na malazi inayohesabiwa Sh10,000 kwa siku, kiwango kilichopanda kutoka Sh8,500 katika mwaka wa masomo 2022/23. Wanafunzi wanaiita bumu. Haiji kila siku bali huja kwa mkupuo, na mzazi yeyote anaweza kukisia kinachotokea kijana wa miaka 20 anapopewa fedha ya miezi miwili kwa siku moja. Wiki mbili za mwanzo ni chipsi mayai, chipsi kuku na soda. Wiki za mwisho ni chapati mbili na maharage asubuhi, chai ya rangi juu yake, halafu kimya hadi usiku.

Binti huyu hakuwa mbadhirifu. Alilipa chumba, akanunua godoro, akachangia kitabu. Lakini ratiba ya sahani yake ilikuwa ile ile ya wenzake: wanga na mafuta, na chai kila chakula. Matunda aliyaona ni anasa, mboga za majani aliziona ni chakula cha nyumbani, cha kupikiwa na mama. Kila jioni mama yake alipopiga simu kuuliza amekula nini, alijibu kwamba amekula vizuri. Kwa kipimo cha tumbo kujaa, hakusema uongo.

Desemba darasa lao lilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuitazama nyumba ya tembe ambamo Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi na mahitaji. Nyumba ina kuta nene za udongo na ubaridi wa kupendeza. Wanafunzi waliizunguka kwa dakika 20. Kwenye maembe walikaa saa mbili. Ndipo alipojua kwamba embe la Tabora huliwa hapo hapo chini ya mti, kwa meno, bila kisu, na kwamba nyuzi zake ni adhabu ndogo kwa sukari iliyomo.

Jikoni kwa bibi

Rafiki aliyekuwa akilala naye chumba kimoja ni mzaliwa wa Ntalikwa. Januari, mwisho wa wiki moja ambayo bumu lilikuwa limekauka, akamwambia twende nyumbani. Walipanda bodaboda moja watu wawili, kitu ambacho wazazi wasingependa kukisikia, wakafika wameloa.

Bibi wa nyumba alikuwa anachambua uyoga. Binti alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akafundishwa kusema mwangaluka, na akakosea matamshi mara tatu kwa furaha ya kila aliyekuwepo. Bibi alipoambiwa mgeni ni Mzaramo, utani ulianza papo hapo. Wanyamwezi na watu wa pwani wanataniana tangu enzi za misafara, na bibi huyu hakusahau hata kifungu kimoja cha haki yake. Alitaka kujua kama mgeni anaweza kumeza kitu ambacho hakijatiwa nazi.

Uyoga wa miombo huchomoza mvua za kwanza zikishalowesha ardhi. Ipo ya manjano yenye umbo la tarumbeta, ipo mikubwa inayoota kwenye vichuguu. Akina mama huuza pembeni mwa barabara kwenye ndoo na majani, na unaobaki hukaushwa. Bibi aliuosha, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza, kisha akaweka karanga zilizokaangwa kidogo na kutwangwa, nyanya moja na chumvi. Hakutia mafuta. Karanga zenyewe ziliachia mafuta yao taratibu hadi mchuzi ukawa mzito na kung'aa. Binti alisema ule mchuzi ulimkumbusha kitu akakosa ni kitu gani, na siku iliyofuata akang'amua: ulikuwa unafanya kazi ya tui. Karanga ndiyo nazi ya Unyamwezi. Akishaelewa hilo, mgeni wa pwani hawezi tena kulalamika.

Hapa pana tahadhari ambayo haifai kurukwa. Uyoga wa porini si mboga ya kuokota kwa kufananisha na picha kwenye simu. Ipo aina ambayo sumu yake huharibu ini, haiondoki kwa kuchemshwa, na dalili zake, yaani kutapika, kuharisha na maumivu makali ya tumbo, hujitokeza saa sita au zaidi baada ya kula, wakati ambapo mlaji ameshalala akidhani yuko salama. Imani kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu si ya kweli. Bibi wa Ntalikwa alitupa mitatu ambayo kwa macho ya mgeni ilikuwa sawa kabisa na mingine. Alipoulizwa aliijuaje, alimwonyesha shina, akamnusisha, akamwambia alifundishwa na mama yake akiwa na umri wa kubebeshwa maji. Asiye na mwalimu wa namna hiyo anunue kwa wauzaji wanaojulikana, au ale mchicha.

Aina nyingi za uyoga huu, ingawa si ule wa vichuguu, huota kwa kushirikiana na mizizi ya miti ya miombo. Mti ukikatwa, uyoga wake unakwenda nao. Tabora ndiyo kinara wa tumbaku nchini, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto inakula kuni nyingi. Kwa hiyo mboga ya bure ya Januari na fedha ya tumbaku vinatoka katika msitu ule ule, na kwa sasa msitu ndio unaolipa.

Kile ambacho hakukitaja

Februari binti alianza kuchoka. Ngazi za hosteli zilimwishia pumzi, moyo ulidunda akiwa amekaa, na darasani alisinzia hadi mwalimu akamuuliza kama ana kazi ya usiku. Alidhani ni baridi ya mvua, au ni mitihani. Rafiki yake ndiye aliyeona jambo jingine: chini ya mto wa kulalia kulikuwa na mfuko wa udongo.

Ni ule udongo mgumu unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao wajawazito hupenda kuulamba. Binti hakuwa mjamzito. Alianza kwa kuonja kipande cha jirani, akapenda harufu yake, inayofanana na ardhi iliyonyeshewa. Kufikia Februari alikuwa anamaliza mfuko kwa siku tatu, na mchele mbichi alitafuna pia. Ukimbana aseme ukweli, atakiri kwamba ladha ile ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovipenda mno mwaka ule.

Hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa madini ya chuma. Wazazi wengi huichukulia kama tabia mbaya ya kukemewa, na binti akikemewa huendelea kwa kujificha. Udongo wenyewe unazidisha tatizo, kwani unaweza kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya sumu kama risasi.

Rafiki alimpeleka zahanati. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alipimwa choo, akakutwa na minyoo. Wingi wa damu ulisoma gramu 8.9 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, akaulizwa kuhusu hedhi yake, ambayo ilikuwa nzito tangu akiwa kidato cha pili na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akaambiwa arudi kupimwa tena.

Hayuko peke yake hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi: chakula, hedhi, minyoo, malaria, kichocho, magonjwa ya kurithi kama selimundu. Ndiyo maana kipimo kinatangulia. Mzazi anayesikia kwenye simu kwamba mtoto anachoka ovyo asikimbilie kumtumia fedha ya maini na juisi ya rozela kabla hajamtuma hospitali.

Muuguzi alimwambia pia jambo dogo ambalo lilimshangaza kuliko yote: chai. Majani ya chai yana kitu kinachoshikana na chuma cha kwenye maharage na mboga, kikapita tumboni bila faida. Ile chapati, maharage na chai ya rangi ya kila asubuhi, chakula alichodhani kinamtunza, chai ilikuwa inanyang'anya kile ambacho maharage yanaleta. Akaambiwa chai isubiri saa moja au zaidi baada ya kula, na nafasi yake ishikwe na kitu chenye vitamini C, kama limao, pera, chungwa au ubuyu, ambayo hufanya kazi kinyume cha chai: husaidia chuma kuingia mwilini.

Habari zilifika Ntalikwa kabla yake. Alipokwenda tena mwezi Machi, bibi hakusema lolote kuhusu udongo. Alipika.

Siku ile ilikuwa mgagani. Mboga hii huota yenyewe mashambani mvua ikinyesha, ina uchungu, na watoto wa mjini huikataa wakiwa bado hawajaionja. Bibi huichemsha, humwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha huiunga kwa maziwa au karanga. Mtaalamu wa lishe angenung'unika kidogo kuhusu maji yale, kwani sehemu ya vitamini humwagwa nayo, lakini mboga iliyopungua kidogo na ikaliwa ni bora kuliko iliyokamilika na ikaachwa sahanini. Pembeni kulikuwa na dagaa wa Kigoma, wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaofika Tabora kwa reli na barabara, wamekaangwa na nyanya nyingi na kukamuliwa limao. Dagaa huliwa wazima, mifupa na yote, na chuma chake kinafyonzwa kirahisi zaidi kuliko cha mboga. Kipimo kimoja cha dagaa sokoni, ambacho kwa wiki nzima kinaweza kuonja sahani za watu wawili, kilikuwa nafuu kuliko sahani mbili za chipsi mayai.

Jambo hilo lilimkasirisha. Alikuwa amepita mbele ya mafungu yale ya dagaa tangu Novemba akienda kununua chipsi.

Siyo kwamba akawa mtakatifu. Chipsi anakula bado, hasa Ijumaa. Lakini yeye na mwenzake walinunua jiko dogo la gesi kwa kuchangishana, wakawa wanapika mara nne kwa wiki, na kila mmoja alipoona uvivu mwenzake alimtisha kwa jina la bibi. Vidonge alivimeza vyote ingawa vilimfungisha choo. Mwezi Juni damu ilisoma 12.1. Chakula peke yake kisingeifikisha hapo, wala vidonge peke yake visingeiacha hapo kwa muda mrefu. Hamu ya udongo ilikuwa imekatika tangu Aprili, na hakumbuki siku yenyewe.

Mavuno

Aliyeifahamu Ntalikwa wakati wa mvua tu hajaifahamu vizuri. Mvua zinakatika Aprili kuingia Mei, anga linakuwa safi, usiku unakuwa na baridi ya kujifunika, na kila ua linageuka kiwanda cha kukausha. Viazi vitamu vikiwa vimejaa kuliko vinavyoweza kuliwa, akina mama huvikata vipande na kuvianika vibichi: hiyo ndiyo michembe. Wakivichemsha kwanza, wakakata na kuanika, hayo ni matobolwa. Watu wa mbali huchanganya majina haya, na mwenyeji huwasahihisha kwa ukali wa kushangaza.

Matobolwa hutafunwa hivi hivi, magumu kidogo, matamu kama tende isiyo na haraka. Michembe hurudi jikoni, ikachemshwa na karanga zilizotwangwa hadi ikalainika, ikawa kifungua kinywa kinachomshikilia mtu hadi saa nane mchana. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa. Mvua za huku ni za msimu mmoja tu, hivyo kinachoanikwa Juni ndicho kitakacholiwa Januari, wakati shamba jipya bado ni majani matupu. Binti alielewa hapo kwa nini bibi hakuwa na friji wala hakuonekana kuihitaji.

Alipewa kazi ya kuchambua karanga. Alidhani ni kazi ya kumshughulisha mgeni, hadi alipoona kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inatupwa mbali na kuku. Kuvu wa karanga na mahindi hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya kati ya nchi, Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoharibika, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Kukaanga hakuiondoi. Kwa mzazi anayenunua unga wa lishe wenye karanga kwa ajili ya mtoto, swali la kumuuliza msagaji ni hilo: nani alizichambua, na zilikaushwa juu ya nini? Bibi hukausha juu ya turubai, si juu ya ardhi.

Asali ilikuja mwisho. Tabora ina sifa ya asali tangu zamani, na chuo cha ufugaji nyuki cha serikali kiko hapo hapo mjini. Babu wa jirani alirudi na ndoo kutoka kwenye mizinga yake msituni, asali nyeusi kidogo yenye ladha ya moshi, na kichupa kimoja cha asali ya nyuki wadogo wasiouma, iliyo nyepesi na yenye uchachu, ambayo hapa huuzwa ghali na kutunzwa kama dawa. Binti alilamba kidole na kunyamaza. Alinunua lita moja ya ile ya kawaida. Ya nyuki wadogo haikuwa ya mfuko wa mwanafunzi.

Julai alirudi Mbagala kwa likizo akiwa na mzigo ambao mama yake hakuutegemea: mfuko wa michembe, matobolwa, kilo tatu za karanga na ile asali. Jioni ya kwanza nusura kutokee ugomvi. Dada yake mkubwa ana mtoto wa miezi minane aliyekuwa na kikohozi, na bibi wa mtoto, kama mabibi wengi, aliona asali ya Tabora imeletwa na Mungu. Binti akasimama mbele ya kijiko. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, hata kidogo, hata iwe safi namna gani, kwa sababu inaweza kubeba vimelea ambavyo utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuvidhibiti na vikatoa sumu ya kulegeza misuli hadi ya kupumulia. Mama yake alimtazama kwa muda, akauliza kama hayo ndiyo anayofundishwa kwenye uhasibu. Asali ikarudi kabatini, mtoto akapelekwa kliniki.

Usiku ule, baada ya wengine kulala, binti alimweleza mama yake habari za udongo. Mama naye akasema kwamba alipokuwa na umri wake alikuwa akila mchele mbichi kutoka kwenye gunia la mama yake, na hakuna aliyempima. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kupima damu.

Michembe ilipikwa Jumapili. Karanga zilikuwepo, lakini mama wa Mbagala alitazama sufuria, akaona haiwezekani, akakuna nazi. Tui zito likaingia, na hiliki kidogo. Ilikuwa tamu, ingawa binti aliapa kutokusema hivyo Ntalikwa. Rafiki yake alitumiwa picha ya sufuria na akamwonyesha bibi, ambaye alicheka hadi akakohoa, akasema watu wa pwani wakipewa hata jiwe watalitia nazi. Kisha akaagiza kwamba chuo kikifunguliwa aletewe mbili, tena zilizokomaa.